Shinikizo la ateri baada ya upasuaji wa moyo: mkono unasema 59, kinena kinasema 73. Tufuate lipi?

Muuguzi wa Mahututi ameuliza:

Nawasalimu nyote kwa heshima. Ninafanya kazi katika chumba cha wagonjwa mahututi kinachopokea wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji wa moyo, na ninaomba msaada wa wenye uzoefu kuhusu jambo ambalo limezua ubishi kati ya zamu moja na nyingine. Nimebadilisha baadhi ya maelezo ili mgonjwa asitambulike, lakini tatizo lenyewe nimeliacha kama lilivyo.

Mgonjwa ni mama mwenye umbo dogo, ambaye ameishi na ugonjwa wa presha kwa miaka mingi, na aliyebadilishiwa vali ya mitrali (iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) iliyokuwa ikivujisha damu. Upasuaji ulikuwa mrefu, na alikaa kwenye mashine ya moyo na mapafu kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Aliletwa kwetu akiwa na katheta mbili za ateri, yaani mipira myembamba iliyoingizwa kwenye mishipa inayotoa damu moyoni ili kupima shinikizo: moja kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, iliyowekwa kabla ya upasuaji, na nyingine kwenye kinena, ambayo daktari wa usingizi aliiongeza wakati wa kumwondoa kwenye mashine. Ya mkononi inaonyesha 82/48, wastani 59. Ya kinenani, dakika ileile, inaonyesha 112/54, wastani 73. Mkojo unatoka vizuri, miguu ina joto, na laktati (kipimo cha damu kinachopanda viungo vikikosa damu ya kutosha) imekuwa ikishuka tangu alipofika.

Maagizo yaliyoandikwa kwenye chati yanasema tu kwamba noradrenalini, dawa ya kubana mishipa ili kupandisha shinikizo, iongezwe au ipunguzwe ili wastani wa shinikizo usishuke chini ya 65. Hayasemi wastani wa wapi. Zamu iliyotangulia ilifuata mkono, na dawa ikapandishwa hatua kwa hatua. Mimi nikitazama kinena naona kwamba ingeweza kupunguzwa. Isitoshe, tulifundishwa kwamba shinikizo la juu, yaani namba ya kwanza, huongezeka kadiri damu inavyokwenda mbali na moyo, kwa hiyo mkono ulipaswa kuonyesha namba kubwa kuliko aorta, mshipa mkuu unaotoka moyoni, wala si ndogo. Naomba kuelezwa kwa nini hapa mambo yamegeuka, namba ipi ifuatwe, na nitajuaje kwamba tofauti hii ni ya kweli na si hitilafu ya vifaa.

Daktari wa Usingizi amejibu:

Mwenzetu, ulichofundishwa ni sahihi kwa mtu ambaye hajapita kwenye mashine. Kwa kawaida wimbi la shinikizo linapotoka kwenye aorta kwenda kwenye ateri ndogo na ngumu za mkono, hukutana na mawimbi yanayorudi kutoka mwisho wa njia, nayo yakijumlishwa hufanya kilele kiwe kirefu zaidi. Ndiyo maana shinikizo la juu la kwenye kifundo cha mkono huizidi aorta, ilhali lile la chini hushuka kidogo na wastani hubaki karibu uleule, pengine ukipungua kwa milimita 1 hadi 3 za zebaki. Wastani ndio unaosukuma damu kwenye viungo, na kwa sababu haubadiliki sana kutoka sehemu moja hadi nyingine, tumezoea kuutegemea popote tulipouchukua.

Baada ya mashine ya moyo na mapafu, mazoea hayo hayatoshi. Tangu mwaka 1985 majarida ya fani yetu yamekuwa yakieleza wagonjwa ambao, mara tu baada ya kuondolewa kwenye mashine, shinikizo la kifundo cha mkono huwa chini ya lile la aorta, si kwenye kilele peke yake bali hata kwenye wastani. Wengi huihesabu tofauti kuwa kubwa pale shinikizo la juu linapopishana kwa milimita 25 au zaidi, au wastani unapopishana kwa 10 au zaidi. Mgonjwa wako ana 30 kwenye kilele na 14 kwenye wastani, kwa hiyo anavuka mipaka yote miwili. Hata maelezo yake yanalingana na wale ambao hupatwa zaidi na hali hii: umbo dogo, historia ya presha, muda mrefu kwenye mashine na aorta ikiwa imebanwa.

Kuhusu sababu, kuna maelezo zaidi ya moja, na kwa maoni yangu hayapingani, kwa kuwa wagonjwa si wamoja. La kwanza ni kwamba mgonjwa anapopashwa joto upya, mishipa midogo ya kiganja na ya sehemu ya chini ya mkono hufunguka sana, damu ikapita kwa wepesi kutoka kwenye ateri kuingia kwenye vena, kama maji ya mto yanavyopungua nguvu yakifunguliwa mifereji mingi kwa mpigo. Linaloyaunga mkono maelezo hayo ni kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, ukibana kwa muda mfupi damu inayoingia kiganjani, shinikizo la kwenye katheta hupanda. Maelezo ya pili ni kinyume chake: ateri ya mkono, ambayo ni nyembamba na yenye misuli mingi, hujikaza, hasa mgonjwa anapopewa dozi kubwa za dawa za kubana mishipa, na kipenyo chake kikipungua, shinikizo hupotea njiani. Upungufu wa damu mwilini nao huongeza tofauti.

Uone basi hatari ya kufuata mkono bila kuuliza. Ikiwa ateri ya mkono imejikaza kwa sababu ya noradrenalini, nawe ukaongeza noradrenalini kwa sababu mkono unasoma chini, unaweza kuwa unaikuza tofauti ileile unayojaribu kuifuta. Wakati huohuo aorta, ambayo huioni kwenye monita, inabeba shinikizo kubwa kuliko unavyodhani, na mishono mibichi inaweza kuanza kuvuja. Kwa mgonjwa huyu nina wasiwasi mwingine. Vali yake ilipokuwa ikivuja, ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, ilikuwa na mahali rahisi pa kumwaga sehemu ya damu, yaani kurudi nyuma kwenye atriamu, chumba cha juu yake, ambako shinikizo ni dogo. Sasa mlango huo umefungwa na damu yote lazima isukumwe kwenye aorta. Moyo uliozoea nafuu ile, tena uliotoka kusimamishwa kwa muda mrefu, usiongezewe mzigo usio na sababu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kinena kikithibitishwa kuwa kinasoma vizuri, fuata kinena, na umwombe daktari wa zamu aandike hivyo kwenye chati kwa maneno yasiyo na utata. Mkojo na laktati ulivyovieleza vinalingana na wastani wa 73 kuliko wa 59. Tofauti hii mara nyingi hupungua ndani ya saa chache, ingawa kwa baadhi ya wagonjwa huendelea hadi kesho yake.

Fundi Vifaa Tiba amejibu:

Naomba niongezee upande wa vifaa, kwa sababu nimeitwa mara nyingi kuangalia tofauti kati ya ateri mbili ambayo chanzo chake kilikuwa transdusa (kifaa kinachogeuza shinikizo la katheta kuwa namba kwenye skrini) moja iliyofungwa juu kuliko nyenzake.

Anza na kimo. Transdusa zote mbili ziwe kwenye usawa mmoja, nao ni nafasi ya nne kati ya mbavu kwenye mstari wa katikati ya kwapa, yaani usawa wa moyo. Haijalishi kwamba katheta moja iko mkononi na nyingine kinenani. Kinachohesabika ni kimo cha transdusa kulinganisha na moyo. Kila sentimita 10 za kosa hubadilisha usomaji kwa milimita 7 na nusu hivi za zebaki, usomaji ukishuka transdusa inapokuwa juu mno na kupanda inapokuwa chini mno. Kitanda kikiinuliwa kichwani na transdusa ikabaki kwenye nguzo, tayari una tofauti ya uongo, nayo inagusa wastani pia. Baada ya hapo zifungulie zote mbili hewani na kuzirudisha kwenye sifuri.

Kisha fanya jaribio la kufungua maji kwa ghafla. Hakikisha mfuko wa maji yanayosafisha katheta umepampiwa hadi 300, vuta kile kivutio kwa sekunde moja, achia, halafu tazama skrini. Mstari utapanda wima, utalala juu kwa muda, na utaanguka. Ukianguka kisha ukatikisika mara moja au mbili kabla ya wimbi la mgonjwa kurudi, mfumo ni mzima. Ukirudi polepole, kwa mkunjo, bila kutikisika hata kidogo, mfumo umezibika mahali fulani: kiputo cha hewa karibu na koki ya njia tatu, damu iliyoganda kwenye ncha, au katheta iliyojikunja kwa sababu kifundo kimekunjwa. Ukitikisika mara nyingi, mfumo unacheza kupita kiasi, nao utakupa kilele kirefu cha uongo.

Hapa kuna jambo la kushika. Mfumo uliozibika hushusha shinikizo la juu na kupandisha lile la chini, lakini wastani huubakiza karibu na ukweli. Kwa hiyo ukiona kilele tu ndicho kilichopishana na wastani zinalingana, shuku mipira na koki kwanza. Wewe wastani zako zimeachana kwa 14, na shinikizo la chini la mkononi halijapanda; huo si mwonekano wa mpira uliozibika, japokuwa kimo na sifuri bado lazima vihakikishwe.

Jaribio la mwisho, ambalo humaliza ubishi, ni kubadilishana. Kwa usafi wote unaotakiwa, hamisha transdusa ya mkono uiunganishe kwenye katheta ya kinena, na ya kinena uipeleke mkononi. Namba ndogo ikibaki mkononi, tofauti iko kwenye mwili wa mgonjwa. Namba ndogo ikihama pamoja na transdusa, niite mimi au mwenzangu.

Daktari wa Mahututi amejibu:

Nimesoma majibu ya wenzangu na ninakubaliana nayo kwa sehemu kubwa. Nina shaka na tabia moja ninayoiona ikienea, ya kukifanya kinena kuwa hakimu wa kudumu. Kinena nacho kinaweza kudanganya. Mgonjwa mwenye ateri za nyonga zilizojaa utando mgumu wa mafuta atasoma chini kinenani kuliko kwenye aorta, na kuna wanaotoka chumba cha upasuaji wakiwa na puto la kusaidia moyo ndani ya aorta, ambalo hubadilisha wimbi lote kiasi kwamba kilele unachokiona si kilele cha moyo. Kwa hiyo ninapenda shahidi wa tatu: mkanda wa presha wenye kipimo sahihi, ufungwe juu ya kiwiko. Mkanda wa mashine kwa kweli hupima wastani, na zile namba mbili nyingine huzikokotoa. Basi linganisha wastani na wastani. Ukikupa 72 au 74, kinena kimepata mwenzake. Ukikupa 60, usikimbilie kusema ni hali ya kawaida baada ya mashine. Mapigo ya moyo yakiwa hayana mpangilio, rudia kipimo zaidi ya mara moja, kwa kuwa mkanda huyumba katika hali hiyo.

Upime mikono yote miwili. Hili nalisisitiza kwa sababu katheta yenu iko mkono wa kushoto. Ateri inayolisha mkono huo, ile ipitayo chini ya mtulinga, ndiyo hupatwa na ufinyu mara nyingi zaidi kuliko ya kulia, na mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kujua kwamba mkono wake wa kushoto husoma chini. Kama mkanda wa kulia unasoma sawa na kinena na wa kushoto unasoma sawa na katheta, basi tatizo linaweza kuwa ufinyu wa tangu zamani. Kwa mgonjwa huyu wa vali jambo hilo lingebadilisha tu mahali pa kupimia. Kwa mgonjwa aliyeunganishiwa ateri ya ndani ya kifua ya kushoto ili ilishe moyo, lingekuwa zito, kwa maana ateri hiyo huchipuka kutoka mshipa uleule uliofinywa, na damu inaweza kuvutwa kutoka moyoni kwenda mkononi.

Lipo pia la kuogopwa kuliko yote. Aorta iliyoshikwa kwa mirija na vibanio inaweza kuchanika tabaka zake. Ni nadra, lakini hujionyesha kwa njia hii hii: kiungo kimoja kinasoma chini kuliko kingine. Kinachoitofautisha ni mwenendo. Tofauti inayotokana na mashine huwepo tangu mwanzo na kupungua kadiri saa zinavyokwenda. Tofauti iliyozuka baadaye, au inayokua badala ya kupungua, au inayoambatana na kiungo baridi, mapigo yaliyopotea, maumivu makali ya kifua au mgongo, au mkojo uliokauka ghafla, ni ya kumwamshia daktari wa upasuaji usiku uleule na kumfanyia mgonjwa kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti bila kusubiri asubuhi.

Mwisho, zikishuka zote mbili kwa pamoja, mjadala wa sehemu ya kupimia umekwisha. Hapo mgonjwa ana shinikizo dogo kweli, na mnapaswa kutafuta damu inayopotea, moyo uliochoka, au damu iliyojikusanya kuuzunguka moyo na kuubana.

Muuguzi wa Mahututi ameandika:

Nawashukuru sana. Tuliweka transdusa zote kwenye usawa mmoja, tukarudisha sifuri, na jaribio la maji lilikuwa zuri pande zote mbili. Tulipobadilishana transdusa, namba ndogo ilibaki mkononi. Mkanda kwenye mkono wa kulia ulitoa wastani wa 72, na wa kushoto, juu ya kiwiko, ukatoa 71, kwa hiyo inaonekana shinikizo linapotea chini ya kiwiko na si kwenye mtulinga. Daktari wa zamu ameandika upya maagizo yake, yakitaja kinena kwa jina, na noradrenalini imeanza kupunguzwa kidogo kidogo bila laktati wala mkojo kubadilika. Wastani wa mkono umepanda hadi 64 huku wa kinena ukiwa 72.

Nina swali moja lililobaki. Wenzangu wanataka katheta ya kinena itolewe mapema, wakihofia maambukizo na kuvuja damu. Iondolewe lini?

Daktari wa Usingizi amejibu:

Matokeo ya mkanda wa kushoto yananiridhisha kuliko yote, kwa kuwa yanaonyesha mahali tofauti inapoanzia.

Mimi huwa siiondoi katheta ya kinena kwa kufuata saa. Ninasubiri wastani wa pande mbili zikaribiane, tuseme ndani ya milimita 5, zikae hivyo kwa vipimo kadhaa mfululizo, na dawa ya kubana mishipa iwe imefika dozi ndogo au imesimamishwa. Kuiondoa wakati dozi bado kubwa ni kubaki na shahidi uliyekwisha kujua kwamba anasema pungufu. Kuhusu hofu ya wenzako, ni hofu ya haki, ila isikuzwe. Ateri ya mkono huziba kwa muda kwa wagonjwa wengi zaidi kuliko ya paja, pengine mmoja kati ya watano, ingawa ni wachache mno wanaopata madhara ya kudumu katika sehemu zote mbili. Hatari ya kinena huongezeka kadiri katheta inavyokaa na kadiri ngozi ya pale inavyokuwa na unyevu, kwa hiyo kagua mahali hapo kila zamu, na ikishatimiza masharti niliyoyataja isikae hata saa moja zaidi.

Siku ya kuitoa, angalieni kwanza kwamba damu inaganda vizuri, kwani aliyewekewa vali ya chuma ataanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda, na ni vema katheta itoke kabla dawa hizo hazijafikia nguvu yake. Mnapobana, msibane kwenye tundu la ngozi. Sindano iliingia kwa mshazari, kwa hiyo tundu la ateri liko juu kidogo, kuelekea tumboni. Weka vidole hapo, ukihisi mapigo chini yake, na ubane bila kuachia ili kuchungulia kwa muda usiopungua dakika 10, au zaidi kama dawa zimeshaanza. Mguu ubaki umenyooka kwa saa chache, na mapigo ya juu ya unyayo yaguswe kila mnapopima vipimo vingine. Akilalamika maumivu ya kiuno au ubavu huku shinikizo likishuka na bandeji ikiwa kavu, fikirieni damu inayokwenda nyuma ya tumbo, ambako haionekani kwa macho, na mwiteni daktari mara moja.